Moto wa Mama Wamepewa Kuku

Butembo, tarehe 3 mwezi wa nane 2025

Mudogo wangu Charline,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yako yote. Sisi hapa tuko, tunamushukuru Mungu. Julien anakohoa juu ya vumbi la kiangazi, lakini kila asubuhi anafungua duka. Binti yetu Héritière amepata diplome yake ya sekondari. Yeye anataka kusoma udaktari, baba yake anataka afanye biashara, na mimi nimekaa katikati yao, kila moja ananiita nimuunge mukono. Padri aliniuliza habari za Mama baada ya misa. Nilimujibu kwamba Mama yuko mikononi mwako.

Barua hii nimeitia mukononi mwa Landry, mutoto wa shangazi, maana ndiye anapita Kasindi na kuzunguka Uganda mpaka Bunagana, kisha Goma, na mizigo yake. Sikupiga simu. Tangu simu yako iibiwe, hapo kwako imebaki ya Mama peke yake, na Mama anaongea na haut-parleur, hata mupita njia anasikia. Haya ninayotaka kusema sitaki yeye ayasikie.

Landry aliporudi safari iliyopita aliniambia kitu nikamuomba akirudie. Anasema alifika kwako Keshero kusalimia, wewe ukamuambia Mama amelala, na jua lilikuwa bado juu. Ukaingia jikoni kumuwekea chai. Akasikia vifaranga wanalia kwenye chumba cha nyuma, akachungulia. Akakuta karton kubwa, na ndani yake coussin ya moto, ile muto ya umeme, ya buluu, ile niliyomutumia Mama juu ya mugongo wake. Umeikunja juu ya waya kama kibanda, na vifaranga wamejaa chini yake.

Charline, ile coussin niliinunua Kampala. Katika basi watu waliniambia niiweke juu na mizigo mingine, nikakataa, nikaipakata mpaka mpakani kama mutoto mwenye homa. Mama alikuwa analia kwenye simu kwamba baridi ya Goma inamuingia kwenye uti wa mugongo. Niliposikia ameilalia na maumivu yamepungua, mimi mwenyewe nililala vizuri.

Sasa naambiwa kuku ndio wanaota moto, na mwanamuke aliyetuzaa analala kwa baridi. Mimi sijui kuku gani hao wanaostahili kuliko Mama. Nieleze. Na kama huna la kueleza, itoe kwenye karton, uifute, uirudishe kitandani mwake leo hii.

Mukubwa wako,
Kahambu


Goma, tarehe 29 mwezi wa nane 2025

Yaya Kahambu,

Salamu zako zimefika, dada yangu, zimechelewa. Landry anasema walimuzuia mpakani juu ya magunia yake ya vitunguu. Mumupongeze Héritière. Baba wa watoto, Rodrigue, bado yuko Bukavu kutafuta kazi, ananitumia salamu na watu wa maboti, na mimi nashuka bandarini Kituku kuzichukua nikienda kununua sambaza, vile visamaki vya ziwani. Watoto wanasoma. Mvua imeanza mapema mwaka huu, na kwenye mawe yetu haya meusi maji hayana pa kwenda, yanaingia mulangoni.

Nimesoma barua yako mara moja, sikutaka kuirudia.

Coussin iko pale Mama alisema ikae. Ni yeye alisema, si mimi. Zaidi ya hapo sina neno la kuandika.

Mama hajalala kwa baridi hata siku moja tangu aingie nyumba yangu. Ana blanketi mbili, na ile ya kwangu ni ya tatu. Landry alichungulia chumba ambacho hakualikwa, kisha akabeba alichokiona akavuka nacho mipaka miwili. Angeniuliza, ningejua kama nitamujibu.

Na wewe pia, Yaya. Barua yako yote nimetafutamo mahali umeuliza Mama yuko namna gani. Umeuliza coussin iko wapi. Hayo ni maswali mawili, na wewe umeuliza moja.

Mudogo wako,
Charline


Butembo, tarehe 20 mwezi wa tisa 2025

Charline,

Tunaendelea. Julien amepona kikohozi. Maharagwe ya shambani yameshika vizuri, mvua ya huku haina ubishi kama ya kwenu.

Jibu lako si jibu. Kwa hiyo nilipiga simu kwa Mama, nikaficha sababu. Nikamuuliza: ile coussin, bado inakusaidia? Akasema ndiyo, mugongo wake uko na moto muzuri, coussin iko hapo karibu, anabariki mikono iliyoinunua. Hayo aliyasema kwa sauti ya furaha. Wakati huohuo Landry ameiona na macho yake ikiwa imejaa mavi ya kuku.

Basi kati ya Mama na wewe kuko mutu anasema uongo, na Mama hakutufundisha uongo. Mimi naona kitu kimoja tu. Mama anasema hivyo kwa sababu wewe umesimama karibu yake. Muzee akiishi kwenye nyumba ya mutu anajifunza kusifu kila kitu, asije akaonekana muzigo. Najua mambo hayo. Nimeyaona kwa mama mukwe wangu. Sikujua nitayaona kwa mama yangu.

Na kuko jambo lingine linaninyima usingizi. Nyumba yako ni ya mbao, kama nyumba zote za mutaa wenu. Umeweka kitu cha courant, cha umeme, ndani ya karton, juu ya maranda makavu, katikati ya vifaranga wanaomwaga maji na kudonoa kila waya wanaouona. Ile coussin ilitengenezwa kwa mutu, haikutengenezwa kwa banda. Siku itashika moto, vifaranga watakufa, hiyo ni hasara yako. Lakini kwenye chumba cha pembeni kuko muzee asiyeweza kukimbia. Utachoma Mama na ile coussin, Charline. Nimeliandika neno hili ili siku moja usiseme hakuna aliyekuambia.

Kahambu


Goma, tarehe 12 mwezi wa kumi 2025

Yaya,

Mama anakusalimu. Hajui kama nakuandikia. Watoto wako wazima, na mukubwa wao amepoteza meno mawili ya mbele, anacheka na mukono mudomoni.

Barua yako niliisoma nimesimama mulangoni. Nilipofika kwenye neno “utachoma Mama” nikakaa chini, hapo hapo kwenye kizingiti, na Landry akaniuliza kama naumwa. Wewe hujui umeandika nini. Mungu akusamehe, maana mimi leo siwezi.

Lakini umeniita mujinga wa moto, na hapo nitakujibu.

Vifaranga wa kwanza niliwapasha na mbabula, jiko la makaa. Niliweka makala ndani ya chumba, nikafunga dirisha ili joto lisitoke. Asubuhi wote walikuwa wamelala upande moja, midomo wazi. Harufu ya makala iliwaua, na kama watoto wangu wangelala chumba kile ingewaua nao. Kisha nikafikiria taa, ile ampoule kubwa ya kuning'iniza. Mwezi huohuo Uwitonze, rafiki yangu wa mutaa wa Mapendo ambaye tulianza naye kufuga, taa yake ilikatika kamba ikaanguka kwenye maranda. Watu walimutoa yeye na watoto wake, nyumba hawakuitoa. Nilikwenda kumusaidia kuokota misumari kwenye majivu. Kwa hiyo usinifundishe moto kwa barua.

Coussin nimeifunga juu ya waya wa wavu nilioupinda kama mugongo wa kuku aliyeatamia. Haiko chini ya vifaranga, iko juu yao. Wanaingia chini, wanagusa na migongo yao kama wanavyomugusa mama yao. Nimeivalisha plastiki, na juu ya plastiki kitambaa cha pamba ninachokifua. Haikunjwi hata mahali pamoja. Waya wake nimeupandisha ukutani na kuupigilia, hakuna mudomo unaoufikia. Maji yako mwisho mwingine wa karton. Bouton iko kwenye moto mudogo, na kabla ya kuwaweka nilitia mukono wangu chini nikauacha pale muda murefu, mupaka nikajua. Wakiongezeka kimo, nainua waya. Courant ikikatika, najaza maji ya moto kwenye chupa, nazifunga na vitambaa, nazilaza pembeni. Wakijikusanya na kulia, najua wanasikia baridi. Wakitandaza mabawa na kuhema, najua moto umezidi.

Na jambo kubwa kuliko yote ni nafasi. Karton ni kubwa, nusu yake haina moto kabisa. Kifaranga akisikia moto umezidi, anatoka, anaenda upande wa baridi, anarudi akitaka. Ndiyo maana hawaungui. Anayeungua ni yule asiyesikia, au asiyeweza kuondoka. Mutu wa namna hiyo usimuwekee moto kabisa, hata ukimupenda namna gani.

Nimesema zaidi ya nilivyotaka. Usinitumie tena barua ya namna ile.

Na usiniambie habari za barabara. Miaka mitatu unasema barabara ni mbaya. Landry anaipita kila mwezi na vitunguu.

Charline


Butembo, tarehe 8 mwezi wa kumi na moja 2025

Charline,

Salamu kwa watoto.

Umeniandikia kurasa mbili juu ya kuku na mustari moja juu ya Mama. Nilizihesabu kurasa hizo mbele ya Julien.

Nilijaribu kumaliza jambo hili kati yako na mimi. Imeshindikana. Basi nimelipeleka kwa Papa mudogo Émile, kwa sababu tangu Papa afariki yeye ndiye anabaki mukubwa wa ukoo. Jumamosi aliita watu kwake. Nilieleza yote: coussin, kuku, uongo wa Mama kwenye simu, kwamba Landry alifika tena na mara hii pia hakumuona Mama, ulimuambia anaoga. Papa mudogo alimuuliza Landry, na Landry akakubali kwamba mara zote hakufika mulango wa chumba. Hapo watu walipiga vinywa kwa hasira. Shangazi Olive alisema mutoto wa mwisho anadekezwa mpaka anamukalia mama yake kichwani. Sikumuzuia.

Uamuzi ni huu. Mama anarudi Butembo. Mwisho wa mwezi huu Landry atafika na gari ndogo, atamuchukua Mama pamoja na vitu vyake, na coussin ni moja ya vitu hivyo. Papa mudogo atapiga simu siku ile yeye mwenyewe, ili Mama asikie kutoka kinywani mwake.

Sifanyi haya kwa furaha. Tulilala kitanda kimoja na wewe, nilikubeba mugongoni. Lakini mutu anayemupa kuku kitu cha mama yake, akiulizwa anajibu kwa majivuno, mimi simujui tena.

Kahambu


Goma, tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 2025

Yaya Kahambu,

Landry amefika na gari, na anarudi na gari bila Mama. Amebeba barua hii. Nakuandikia kwa sababu Mama ameniambia niandike. Kama si yeye, ungekaa bila kujua mupaka tufe wote.

Mambo yamekuwa hivi. Landry aliingia sebuleni, hakutaka chai wala kiti. Simu ya Mama ikalia chumbani, ilikuwa Papa mudogo Émile. Tukasikia yote kupitia ukuta. Alimuambia Mama kwamba ukoo umekaa, kwamba haiwezekani muzee kuteswa ugenini, kwamba binti yake amechukua moto wake akawapa kuku, kwamba ajitayarishe. Mama alimuacha amalize. Kisha akaita: “Landry, ingia. Leo hakuna anayelala na hakuna anayeoga.”

Nikamushika Landry mukono kumuzuia. Mama akaita tena. Akaingia, na mimi nyuma yake. Mama alikuwa amekaa kitandani, amekwisha kujifunua muguu wa kushoto na kufungua pansement, bandeji yake, yeye mwenyewe. Landry aliangalia.

Yaya, Mama ameungua. Ni coussin ilimuunguza.

Mwanzoni ilimusaidia mugongo, hiyo ni kweli, ulipoambiwa hivyo hukudanganywa. Lakini mwezi wa sita, siku moja ya mvua, alikula muchana akaenda kupumzika, akasikia miguu imekuwa kama barafu. Akaitoa mugongoni akaipeleka miguuni, akafunika na blanketi, akasinzia. Mimi nilikuwa Kituku. Niliporudi nilisikia harufu, nikafikiri nimesahau sambaza kwenye mbabula. Nilikwenda jikoni kwanza. Mbabula ilikuwa imezimwa. Nikafuata harufu mupaka chumbani, nikainua blanketi. Mama akaamka, akaniuliza kwa nini ninalia.

Hakusikia kitu. Ngozi ya kisigino na ya vidole ilibaki kwenye kitambaa, na yeye hakusikia. Docteur alisema ile sukari ya damu tuliyoiita kidogo imekuwa inamula polepole miaka mingi, imeua mishipa ya miguu. Mutu wa sukari haruhusiwi kuwekewa moto miguuni, hata chupa ya maji. Na ile coussin ni ya zile zisizojizima zenyewe. Zingine zinajizima baada ya muda. Hiyo inaendelea mupaka mutu aizime.

Kidonda cha mutu wa sukari kinakaa, Yaya. Kila asubuhi nakiosha, nakifunga. Mara mbili kimeoza, nikamubeba Mama kwa pikipiki kwenda hospitali. Mwezi wa kumi walikata vidole viwili. Nilipopata ile barua yako yenye neno “utachoma Mama”, tulikuwa tumetoka kukata siku zilezile. Sasa unajua kwa nini nilikaa kwenye kizingiti.

Utauliza kwa nini sikusema. Mama aliniapisha akiwa amelala hospitali, mukono wangu juu ya rozari yake. Alisema: “Kahambu aliipakata ile kitu kutoka Kampala. Akijua, hatakula chakula.” Kwenye simu alikuwa anakusifia coussin kwa sababu alikuogopea wewe. Hakuniogopa mimi. Nilitaka kuitupa ziwani. Yeye akasema hapana, ni kitu cha mukubwa wako, wawekee vifaranga, wao wana miguu inayosikia. Na kuku wale ndio wananunua dawa ya kidonda. Hakuna mutu wa kikao chenu aliyeinunua hata siku moja, kwa hiyo kuku wale uwatukane polepole.

Narudi kwa simu. Papa mudogo alikuwa bado anasubiri. Mama akamuambia hivi, na nimeandika kama alivyosema: “Émile, nilizaa mabinti wawili, sikuzaa hakimu. Mumekaa kikao kizima juu ya mugongo wangu, na hakuna aliyeuliza habari za muguu. Mimi sitoki hapa. Huyu ndiye ananiosha.” Akakata.

Kisha akanigeukia, akasema kiapo kimekwisha. Na ujumbe wake kwako ni huu: “Mwambie Kahambu moto wake ulikuwa muzuri. Ni muguu wangu ndio haukusikia.”

Hayo ni ya Mama. Ya kwangu mimi nimeyabakiza moyoni, ni marefu, na karatasi imekwisha.

Charline


Butembo, tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 2025

Charline, mudogo wangu,

Sikuanza na salamu kwa sababu sina. Barua yako nililetewa dukani. Niliisoma nimesimama nyuma ya meza, nikamuambia Julien afunge mulango, akafunga na wateja wakiwa ndani.

Nimekwenda kuuliza infirmière, muuguzi wa parokia yetu, kuhusu ile coussin. Amesema kama docteur wako. Nikachukua karatasi iliyotoka nayo, nilikuwa nimeiweka kwenye sanduku. Ina picha ya mama mweupe anayecheka, na maandishi ya lugha ambayo hakuna anayeisoma kutoka hapa mpaka Kampala. Muuzaji alinitazama nikimuelezea kwamba ni ya muzee mugonjwa, akanifungia vizuri na kamba. Hakuniuliza ugonjwa gani. Na mimi sikuuliza moto wake unasimama wapi.

Lakini hasira yangu kubwa ni kwako na kwa Mama, nakuambia wazi. Mumenifanya nini? Tangu mwezi wa nane nakutukana, nawe ulikuwa na neno moja tu la kunifunga mudomo, hukulisema. Umeniacha niendelee. Niliandika, nikaandika tena, nikaita ukoo, nikamuacha Olive aseme aliyosema na mimi nikaitikia kwa kichwa. Mumenifanya mutu mubaya bila mimi kujua, halafu munasema ni kwa kunionea huruma. Mimi si yai. Mama ana kidonda, mimi ni mutoto wake, kidonda kile ni changu pia. Mulininyima.

Na ni kweli kwamba nilikataa chakula. Mama anajua watoto wake. Lakini siku ya pili nilikula, nikavaa, nikaenda kwa Papa mudogo Émile.

Nilimuomba aite watu walewale, wakae mahali palepale. Akasema Landry amekwisha kueleza, mambo yamekwisha, ni ugomvi wa wanawake, tuuache upoe. Nikamuambia hukumu ilitolewa mbele ya watu, nayo itafutwa mbele ya watu. Nilikaa kwenye kiti cha mulangoni mwake, sikuondoka. Wageni walikuja kumuona wakanipita. Mwishoni aliwaita.

Niliwasomea barua yako yote, hata pale ulipoandika juu ya harufu ya sambaza. Nilipofika hapo Héritière akanipokea karatasi akaendelea yeye. Hakuna aliyepiga kinywa mara hii. Shangazi Olive aliangalia viatu vyake. Papa mudogo akasema, “Tungejua namna gani?” Nikamujibu: “Kwa kuuliza. Mimi sikuuliza, ninyi hamukuuliza, na aliyeosha kidonda peke yake ndiye tulimuhukumu.” Kisha nikasema mbele yao kwamba neno nililosema juu yako nimelirudisha kinywani mwangu, lina uchungu, na nitalimeza.

Papa mudogo ameahidi kukupigia simu. Akipiga, usimusaidie kutafuta maneno. Mwache ayatafute mwenyewe.

Sasa sikiliza. Sikufika Goma miaka mitatu, nikasema barabara. Nilikuwa naogopa, basi. Niliogopa wanaume wenye bunduki, niliogopa kumukuta Mama amezeeka. Nimelipa nafasi kwenye gari la Landry. Sileti kitu cha umeme. Nitafika mwanzo wa mwaka, mipaka ikikubali. Utanionyesha mara moja namna ya kufungua pansement na namna ya kuifunga. Kisha utatoka chumbani. Nitaosha kidonda mimi, kila asubuhi, siku zote nitakazokuwa hapo, na wewe utalala mupaka jua liwe juu.

Dada yako,
Kahambu


Goma, tarehe 29 mwezi wa kumi na mbili 2025

Yaya,

Noeli ilipita vizuri. Rodrigue alifika na boti ya Bukavu na unga na sabuni, amebaki mupaka sasa. Watoto waliimba kanisani. Mama alifika misa, amebebwa kwa kiti, akalalamika kwamba padri ni murefu wa maneno.

Papa mudogo alipiga simu. Alitafuta maneno sana. Mimi nilikuwa nachekecha unga, niliendelea kuchekecha.

Bado nimekukasirikia, usifikiri barua moja inamaliza. Ukifika nitasema yale yangu, yote, na wewe utasikiliza umekaa. Umesema mimi ni mutoto anayemukalia mama yake kichwani. Kwamba ni Olive aliyesema, wewe uliitikia tu, hilo nalo tutalizungumza.

Kuhusu kidonda: osha mikono yako na sabuni mara mbili kabla ya kugusa. Maji yawe yamechemshwa na yamepoa kabisa, uyajaribu kwenye mukono wako wa ndani, usimuulize yeye kama ni ya moto, atakuambia hapana kila mara. Pansement ikishika usiivute, iloweshe. Angalia katikati ya vidole vilivyobaki. Mama atakuambia hadithi ukiwa unafanya, ili usiangalie sana. Wewe angalia.

Docteur anasema kisigino kinaanza kufunga. Sitaki kuliandika kwa nguvu, lakini ndivyo alisema.

Jana nilimuambia Mama kwamba unakuja. Akaangalia mulango. Nikamuambia nitakuchinjia kuku, ile nyeupe. Akasema: “Ile inataga, iache. Mugeni ndiye anachinjiwa kuku. Kahambu si mugeni.”

Kwa hiyo sitachinja kitu. Utakula sombe ya majani ya muhogo, kama sisi.

Charline